Nguvu si Nishati: Uhakiki wa Istilahi za Magari ya Umeme na Mafuta Mbadala

Utangulizi

Kila ufundi mpya unapoingia katika nchi huja na msamiati wake, na msamiati huo haungoji kikao cha wataalamu ndipo uanze kutumika. Magari yanayoendeshwa kwa umeme, pamoja na yale yanayotumia gesi, ethanoli na haidrojeni, yamekwisha kuingia katika magazeti yetu, katika hotuba za viongozi, katika zabuni za idara na katika mikataba ya vijana wa bodaboda. Maneno yanayoyaeleza yamepatikana kwa njia mbalimbali: mengine yamekopwa, mengine yametafsiriwa neno kwa neno, na mengine yamezuka mitaani bila ya mtu yeyote kuyatia sahihi.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki baadhi ya maneno hayo. Hatukusudii kutoa orodha ndefu ya istilahi. Swali letu ni moja tu: je, mtu anayesoma Kiswahili peke yake anaweza, kwa maneno tuliyo nayo sasa, kuamua kama gari fulani litamfaa au halitamfaa? Watu wengi wanabishana juu ya magari haya. Wako wanaosema kuwa magari ya umeme yenye mbio kubwa ni mapambo ya matajiri, na wako wanaosema kuwa ndiyo mwisho wa petroli. Ubishi huo hauwezi kufika mahali iwapo maneno yenyewe hayatenganishi mambo ambayo kwa asili ni mbalimbali. Kwa hiyo kipimo tutakachotumia ni hiki: istilahi njema ni ile inayomwezesha msomaji kupiga hesabu iliyo sahihi. Istilahi ikiwa tamu masikioni lakini ikampotosha msomaji katika hesabu, haistahili kusanifiwa.

Kilowati kwa saa

Tuanze na kosa lililoenea kuliko yote. Mara kwa mara tunasoma kwamba gari fulani lina betri ya "kilowati 60 kwa saa". Mfasiri aliyeandika hivyo hakuwa na nia mbaya. Aliona kipimo chenye kilowati na saa, naye akaviunganisha kwa neno lililo karibu. Lakini katika vipimo vya Kiswahili neno "kwa" lina kazi yake maalumu, nayo ni kugawanya. Tunasema kilomita 80 kwa saa, shilingi 3,000 kwa kilo, mara tatu kwa siku. Msomaji anapokuta "kilowati 60 kwa saa" ana haki ya kuelewa kwamba kitu fulani kinaongezeka au kinapungua kwa kilowati 60 kila saa ipitapo. Maana hiyo siyo iliyokusudiwa hata kidogo.

Kipimo kinachokusudiwa hupatikana kwa kuzidisha. Kifaa cha kilowati moja kikifanya kazi kwa muda wa saa moja, kitakuwa kimetumia kilowati-saa moja. Kikifanya kazi kwa saa mbili, kilowati-saa mbili. Kwa hiyo kuandika "kilowati kwa saa" ni kugeuza kuzidisha kuwa kugawanya, na mwalimu wa hesabu hawezi kusamehe jambo hilo kwa mwanafunzi wa darasa la nne.

Baadhi ya wenzetu husema kwamba lugha ni mazoea, na kwamba mazoea yakishaenea hayana dawa. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini mazoea yenyewe yanatupa jibu lililo bora zaidi. Wananchi wanaonunua umeme kwa LUKU nchini Tanzania hawasemi "kilowati kwa saa". Husema "uniti". Mama anayenunua uniti kumi anajua kwamba zitakwisha, anajua kwamba pasi huzila upesi kuliko taa, na anajua bei ya kila moja. Uniti hiyo ndiyo kilowati-saa yenyewe. Yaani umma umekwisha kupata neno, wameliweka katika matumizi ya kila siku, na hesabu yao haina kasoro. Ni sisi wenye kalamu tuliolipita neno hilo tukaenda kuokota lenye makosa. Tunaona inafaa maandishi ya kitaalamu yatumie "kilowati-saa", na maandishi ya umma yatumie "uniti" bila ya haya yoyote.

Nguvu, nishati na "utendaji wa juu"

Kosa la kilowati kwa saa lina mzizi ulio ndani zaidi, nao ni mchanganyiko wa nguvu na nishati. Neno "nguvu" katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa: nguvu za mwili, nguvu za dola, nguvu za dawa, nguvu za kusukuma, na pia kiasi cha kazi inayofanyika katika muda fulani. Wanasayansi wetu walipunguza mzigo huo walipochagua "kani" kwa maana ya kusukuma na kuvuta. Kazi iliyobaki ni kutenganisha nguvu na nishati kwa uthabiti uleule.

Mfano wa pipa la maji unatosha. Nishati ni maji yaliyomo ndani ya pipa. Nguvu ni wingi wa maji yanayotoka bombani kwa dakika. Pipa kubwa laweza kuwa na bomba jembamba, na pipa dogo laweza kuwa na bomba nene. Mtu akikuuliza kama maji yatatosha hadi kesho, humjibu kwa kumwonyesha unene wa bomba.

Hata hivyo, matangazo ya magari ya mbio hufanya jambo hilohilo. Tuchukue Rimac Nevera, gari la umeme linaloundwa nchini Kroatia. Nguvu yake ni takriban kilowati 1,400, yaani zaidi ya nguvu za farasi 1,900, na betri yake ni ya uniti 120. Gari hilo lina uzito wa zaidi ya kilo 2,000, na katika majaribio ya mwaka 2023 lilitoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa katika muda usiofika sekunde mbili. Mwandishi akisema tu kwamba hilo ni "gari lenye nishati kubwa kupita kiasi", amesema uongo bila ya kujua. Apige hesabu: uniti 120 zikitolewa zote kwa nguvu ya kilowati 1,400, zitakwisha katika muda wa dakika tano hivi. Na gari hilo likichajiwa kwa soketi ya kawaida ya nyumbani yenye kutoa kilowati 3, litahitaji saa 40 kujaa. Bomba ni nene ajabu. Pipa si kubwa kiasi hicho. Msomaji aliyepewa maneno mawili yaliyotengana huiona hali hiyo mara moja. Aliyepewa neno moja kwa mambo mawili hawezi kuiona.

Hapa ndipo tunapokutana na istilahi ya pili inayohitaji kuhakikiwa, yaani magari yenye "utendaji wa juu". Tafsiri hii imefuata Kiingereza neno kwa neno. Kwa Kiswahili, utendaji ni jambo la mtu kazini. Ukisoma "utendaji wa juu" unadhani gari nalo hujaziwa fomu ya tathmini kila mwisho wa mwaka. Kibaya zaidi, istilahi hiyo haisemi ni jambo gani lililo juu. Je, ni nguvu? Ni kasi ya mwisho? Ni mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka? Au ni uwezo wa kwenda mbali? Mambo haya manne hayaendi pamoja.

Historia yenyewe inathibitisha hivyo. Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme. Mbelgiji Camille Jenatzy aliliendesha karibu na Paris mwaka 1899, likafikia kilomita 105.88 kwa saa. Kasi, basi, haikuwa udhaifu wa gari la umeme hata katika siku hizo. Udhaifu ulikuwa katika pipa: betri za risasi zilikuwa nzito na ziliweka nishati kidogo, na petroli ikashinda kwa sababu lita moja tu hubeba takriban kilowati-saa 9. Hata leo, ingawa betri za lithiamu zimepunguza sana tofauti hiyo, kilo moja ya petroli hubeba nishati mara nyingi kuliko kilo moja ya betri. Kwa upande mwingine, injini hugeuza robo au theluthi hivi ya nishati hiyo kuwa mwendo, na sehemu iliyobaki hupotea kuwa joto, hali mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Mhakiki mwadilifu hutaja pande zote mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza "utendaji wa juu" uachwe. Mfasiri aseme lililokusudiwa: gari la nguvu kubwa, gari la mchapuko mkali, gari la kasi kubwa, au gari la masafa marefu. Akishindwa kujua ni lipi kati ya haya, basi hata mwandishi wa asili hakulijua, au hakutaka lijulikane.

Masafa

Neno "masafa" limekubalika kwa umbali ambao gari hufika kwa chaji moja, nasi hatuna ugomvi nalo. Tunachoomba ni kwamba lisitajwe peke yake. Tesla Roadster iliyotoka mwaka 2008 ilikuwa na betri ya uniti 53, na vipimo vya Marekani viliipa masafa ya takriban kilomita 390, yaani kilomita saba na ushei kwa uniti moja. Lakini masafa hayo ni ya kipimo, siyo ya kila barabara. Kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Dereva anayeitumia ile nguvu iliyomfanya alinunue gari huyaona masafa yakipungua mbele ya macho yake. Hivyo, badala ya kuandika "lina masafa ya kilomita 390", ni heri kuandika "lina masafa ya kilomita 390 kwa vipimo vya Marekani". Maneno manne tu yameongezwa, na mnunuzi amepata tahadhari yake.

Mafuta yasiyo mafuta

Sasa tuingie katika istilahi ya "mafuta mbadala". Neno "mafuta" kwa Mswahili ni kitu kimiminika chenye utelezi: mafuta ya nazi, mafuta ya taa, mafuta ya kujipaka. Petroli na dizeli ziliingia katika jina hilo bila ya shida. Lakini gesi asilia siyo mafuta, wala haidrojeni siyo mafuta. Tukiandika kwamba "haidrojeni ni mafuta mbadala" tumemlazimisha msomaji kuona picha isiyokuwapo. Neno "fueli" tayari limo katika maandishi ya sayansi kwa maana ya kitu chochote kinachotumika ili kitoe nishati, iwe kuni, makaa, petroli au gesi. Wasiolipenda kwa kuwa limekopwa wakumbuke kwamba petroli, dizeli na injini nayo yamekopwa, na hakuna anayeyakataa.

Neno "mbadala" nalo lina walakini. Mbadala wa nini, na kwa nani? Nchini Brazili mpango wa kitaifa wa alkoholi ulianza mwaka 1975, magari ya ethanoli tupu yakaanza kuuzwa mwaka 1979, na tangu mwaka 2003 yamekuwako magari yanayopokea petroli na ethanoli kwa kiwango chochote cha mchanganyiko. Huko ethanoli ni bidhaa ya kawaida katika kila kituo. Madereva wa Brazili wana kanuni yao: ethanoli hununuliwa iwapo bei yake haizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, kwani lita ya ethanoli hubeba takriban theluthi mbili tu za nishati iliyomo katika lita ya petroli. Kanuni hiyo ndiyo hesabu tunayoizungumzia. Kwetu Afrika Mashariki, petroli iliyochanganywa na ethanoli ya miwa iliuzwa Kenya katika miaka ya 1980, ethanoli ikitengenezwa Muhoroni. Atakayeandika upya juu ya jambo hili kwa Kiswahili asisahau kumweleza mnunuzi kwamba lita na lita si sawa.

Tena neno "mbadala" lina harufu ya sifa, na sifa huweza kufunika gharama. Katika miaka ya 2000 mashamba ya mbono kaburi yalianzishwa katika wilaya za Kilwa na Kisarawe kwa ajili ya fueli ya magari. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 miradi hiyo ilikuwa imekwama, huku wanavijiji wakibaki na maswali juu ya ardhi waliyoitoa. Hatusemi kwamba istilahi ndiyo iliyoukwamisha mradi. Tunasema kwamba mwanakijiji aliyeambiwa "nishati mbadala" hakuambiwa ni ekari ngapi zinazohitajika kwa lita moja, na neno lenyewe halikumshawishi kuuliza.

Kuhusu haidrojeni, jambo la kusisitiza ni kwamba haichimbwi kama petroli ichimbwavyo. Kwa kawaida hutengenezwa, aidha kutokana na gesi asilia au kwa kuyatenganisha maji kwa umeme. Kwa hiyo kuiita "chanzo cha nishati" ni kosa. Tunapendekeza "kichukuzi cha nishati", kama vile mpagazi asivyokuwa mwenye mzigo. Jina hilo litamkumbusha msomaji kwamba njiani kuna upotevu. Uniti 100 za umeme zikitiwa katika betri ya gari, takriban 70 au zaidi hufika magurudumuni. Zikipitia haidrojeni, hufika theluthi moja au pungufu. Zikipitia petroli inayotengenezwa kwa umeme, maji na kaboni, hufika kati ya 10 na 20 tu.

Petroli ya namna hii ya mwisho ilianza kutengenezwa kwa majaribio katika kiwanda cha Haru Oni, kusini mwa Chile, mwezi Desemba mwaka 2022, kwa umeme wa upepo, na kampuni ya Porsche ni miongoni mwa washiriki. Wenye magari ya zamani ya mbio huipenda kwa sababu injini zao haziguswi. Wapo waliokwisha kuiita kwa Kiswahili "mafuta ya umeme". Jina hilo halifai, kwani msomaji atadhani ni mafuta ya kupaka kwenye nyaya. "Petroli ya sanisi" ni jina bora zaidi. Walimu wanaofundisha usanisinuru hawatakuwa na kazi kubwa ya kulieleza.

Ili tusionekane kulaumu tu, tuitaje istilahi moja iliyoundwa vizuri: "gesi asilia iliyoshindiliwa". Kitenzi "kushindilia" kinajulikana na kila aliyewahi kujaza gunia. Dereva wa bajaji jijini Dar es Salaam anayefungiwa mtungi huelewa papo hapo kwa nini mtungi ni mnene, kwa nini hukaguliwa, na kwa nini gesi hiyo siyo ile ya jikoni. Istilahi imefundisha na imetahadharisha kwa pigo moja.

Safi kwa nani?

"Nishati safi" ni maneno yaliyoenea hasa kutokana na kampeni ya mapishi, na Tanzania ina Mkakati wa Kitaifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Jikoni neno "safi" lina maana ya wazi, kwani moshi uko machoni mwa mpishi. Likihamishiwa kwenye magari, maana hufifia. Mwaka 2018 gari la umeme la Volkswagen liitwalo ID.R, likiendeshwa na Mfaransa Romain Dumas, lilivunja rekodi ya mashindano ya kupanda mlima Pikes Peak, Marekani, kwa dakika 7 na sekunde 57. Njia ile ina urefu wa kilomita 20 hivi na huishia mita 4,302 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni haba, injini huishiwa pumzi, na mota haijali. Huo ni ushindi wa haki wa gari la umeme la nguvu kubwa: safari fupi, mlima mkali. Lakini umeme wake pale mlimani ulitoka katika jenereta iliyounguza gliseroli. Je, tuliite gari la umeme, la fueli mbadala, au la nishati safi? Jina la kwanza ni la kweli kwa gari, la pili ni la kweli kwa jenereta, na la tatu haliwezi kujibiwa bila ya maelezo. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Istilahi haina haja ya kujitembeza. Pale inapowezekana, "safi" ibadilishwe kwa maelezo yenye kupimika: "lisilotoa moshi", "umeme wa maji", "umeme wa jotoardhi".

Injini na mota

Mwisho, tuliangalie jozi moja inayowahusu hasa watumishi wa serikali. Maandishi mengi hutaja "injini ya umeme". Ni heri tutenge: injini huunguza fueli, mota huzungushwa na umeme. Tofauti hii si ya kujionyesha. Ushuru wa magari katika nchi zetu umezoea kutegemea ukubwa wa injini kwa sentimita za ujazo, na mota haina sentimita za ujazo. Fomu inayouliza "ukubwa wa injini" itajazwa sifuri, au itajazwa kwa kubahatisha. Fomu ikiuliza "nguvu ya mota kwa kilowati" na "uwezo wa betri kwa kilowati-saa", karani na mwenye gari wataelewana.

Hali kadhalika kwa mikataba ya pikipiki za umeme. Katika miji kama Kigali na Nairobi madereva wengi hawachaji, bali hubadili betri kituoni. Mkataba usipotenganisha bei ya betri, bei ya uniti na ada ya kubadili, dereva hawezi kujua analipia nini, na hakimu atakayeletewa kesi hawezi kumsaidia.

Mapendekezo

Kwa ufupi, tunawaomba wafasiri, walimu na waandishi wa idara wazingatie yafuatayo:

1. "Kilowati-saa" au "uniti" itumike. "Kilowati kwa saa" iachwe.
2. "Nishati" iwe kwa kilichohifadhiwa au kutumika, "nguvu" kwa wingi wake katika muda, na "kani" kwa kusukuma na kuvuta.
3. "Utendaji wa juu" uachwe; itajwe nguvu, kasi, mchapuko au masafa.
4. "Fueli" iwe jina la jumla. "Mafuta" yabaki kwa vimiminika.
5. Haidrojeni iitwe "kichukuzi cha nishati". Petroli ya kutengenezwa iitwe "petroli ya sanisi".
6. "Injini" na "mota" zisichanganywe.
7. "Safi" na "mbadala" yatumike pale tu yanapofuatwa na maelezo.

Mapendekezo haya hayaamui kama gari la umeme la nguvu kubwa lafaa au halifai. Latosha kwa mlima wa kilomita 20, na pengine halitoshi kwa mtu wa Tunduru mwenye safari ya siku mbili. Uamuzi huo ni wa mnunuzi, wa mpangaji wa bajeti na wa mbunge. Kazi ya istilahi ni kuhakikisha kwamba wanapoamua, wanaamua juu ya kitu kilekile. Wasomaji walio karibu na gereji, vituo vya gesi na vituo vya kubadili betri wanaombwa kutuletea maneno wanayoyasikia huko, pamoja na maana zake, kwani yamkini mafundi wameshapata majina ambayo sisi bado tunayatafuta.